Talaka mara nne, biriani mara nne: kisa cha fundi wa madera

Mume ndiye aliyeanza kusema, kabla mkewe hajakaa vizuri kitini. "Daktari, huyu ameniomba talaka mara nne tangu mwaka uanze. Na mara zote nne, wiki iliyofuata akanipikia biriani."

Mimi si daktari. Ni muuguzi wa afya ya akili kwenye zahanati ndogo upande wa Kisauni, Mombasa, ila kuwasahihisha watu nimeacha kitambo. Nikamgeukia mke. Hakucheka, hakununa. Alikuwa akisugua kidole cha shahada kilichojaa vitobo vya sindano, kisha akasema polepole, "Ni kweli, dadangu. Na kila nikiiomba, huwa nimekusudia."

Jibu hilo lilinifanya niweke kalamu chini. Mtu anayeomba talaka kwa kisirani hasemi hivyo. Atasema alipandwa na hasira, au mume ndiye aliyemchokoza. Huyu alikuwa ananiambia kuna siku katika mwezi ambapo anaamini kwa moyo wote kwamba ndoa yake imeoza, na siku nyingine akiutafuta uozo huo hauoni.

Nimwite Fundi, maana kushona ndiko kunakomlisha. Ana miaka 31 na watoto wawili. Ana vyerehani viwili kwenye kibanda karibu na Mwembe Tayari, anashona madera, sare za shule na, msimu wa harusi ukifika, nguo za wapambe. Mume ni karani bandarini Kilindini, anafanya kazi kwa zamu. Wanaishi na mama wa mume. Mambo kadhaa nimeyageuza ili hata jirani asimtambue, na yeye mwenyewe amekubali kisa hiki cha maradhi yanayofuata hedhi kiandikwe.

Kabla ya kuja kwetu walikuwa wameshapita kwingi. Mahali pamoja alipewa dawa ya malaria bila hata kutobolewa kidole. Pengine wakampima homoni, majibu yakaja sawasawa, akaambiwa hana kitu, apunguze mawazo. Anasema alitoka hapo na aibu kuliko aliyoingia nayo: kama damu yangu ni nzima, basi mbovu ni mimi. Mara ya tatu akaandikiwa vidonge vya usingizi, akalala nyuma ya cherehani huku wateja wakibisha.

Nyumbani nako alisomewa, akanyweshwa kombe, yaani maandishi ya aya yaliyooshwa kwa maji. Na kombe likafanya kazi. Nasema hivi bila kejeli: alilinywa Jumatano, Ijumaa akaamka mtu mwingine, akafagia ua, akamwomba mkwewe radhi. Mwezi uliofuata mambo yakarudi, wakarudia kombe, likafanya kazi tena. Ukilipima kwa macho tu, ungesema ile dawa ya malaria nayo ilimponya, maana siku tatu baada ya kuimeza alikuwa anaimba akikata vitambaa.

Hoja ya mama mkwe

Safari ya pili alikuja na mama mkwe. Bi mkubwa mwenye heshima zake, amejitanda leso, na mkononi ana tasbihi. Katika kazi hii nimeletewa hoja nyingi za mashetani, na nyingi hazina miguu. Hii ilikuwa nayo.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nimemtazama huyu kwa miaka. Siku anazosali ndizo anazovunja vyombo. Akiingia mwezini, akauacha msala, anatulia tuli. Sasa niambie wewe uliyesoma: ni kitu gani hicho kinachochukia sala?"

Fundi akainamisha kichwa. Baadaye, tulipobaki wawili, aliniambia maneno hayo yalimchoma kuliko mengine yote kwa sababu hata yeye alikuwa ameanza kuyaamini. Zile siku mbaya husimama kwenye msala na Fatiha aliyoijua tangu chuoni ikampotea katikati. Halafu damu ikija, anaondolewa sala na anaondolewa mzigo kwa pamoja. Ungefikiria nini?

Sikubishana na shetani. Nilimuuliza bi mkubwa swali moja. "Akishaoga akarudi kwenye msala, huwaje?"

Akafikiri. "Husali vizuri tu."

"Kwa siku ngapi?"

Hapo hakuwa na hesabu, wala mimi sikuwa nayo. Lakini ukimya wake ulinionyesha kwamba amelishika swali. Kama kuna kitu kinachochukia sala, basi kingeamka siku ile ile anapotwaharika na kutandika msala. Kikikaa kimya siku kumi na kitu huku mtu anasali tano zake zote, huenda kinachofuatwa si sala bali tarehe.

Hesabu iliyokuwepo tayari

Watu hudhani uchunguzi wa maradhi haya huanzia maabara. Wa Fundi ulianzia nyuma ya mlango wa jikoni. Pale hutundika kalenda ya bure inayogawiwa na duka la vifaa vya ujenzi, na kila Ramadhani huweka alama ya penseli kwenye siku alizokula kwa sababu ya hedhi, ili ajue deni lake la saumu kabla mwaka haujageuka. Kalenda za zamani hazitupi; hufunikia madaftari ya watoto. Tukapata za miaka mitatu.

Ushahidi wa pili ulikuwa daftari la oda. Kila ukurasa una jina la mteja, kifua, kiuno, urefu, arbuni aliyotoa na siku ya kuchukua nguo. Kazi ikiharibika, Fundi huandika KOSA kwa kalamu nyekundu na gharama aliyoilipa. Tukaviweka vitu viwili mezani, penseli huku, wino mwekundu huku. Ramadhani mbili kati ya tatu, zile KOSA zilijipanga kwenye siku tano au sita zinazotangulia alama ya penseli. Ramadhani ya tatu makosa yalitapakaa mwezi mzima, lakini mwezi ule mtoto wake mdogo alikuwa amelazwa, na mama asiyelala hukosea siku yoyote.

Kosa moja silisahau. Kitambaa cha hariri cha mteja, mkono wa kushoto umekatwa mara mbili. Fundi wa miaka kumi na miwili kazini alikata mikono miwili ya kushoto, akaketi sakafuni akiigeuzageuza, haelewi kwa nini haikubali kukaa kwenye bega. "Nilihisi kama kichwa kimejaa pamba," akasema. Mume alikuwa amenieleza hasira tu. Hasira ndiyo inayowasumbua wengine, kwa hiyo ndiyo inayosimuliwa. Pamba ya kichwani ilikuwa inamsumbua yeye peke yake, na hakuna aliyemuuliza.

Nikamwuliza pia kuhusu mimba zake. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mimba zote mbili alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini, na mawifi walikuwa wakitania kwamba dawa yake ni kuzaa kila mwaka. Utani ule ulikuwa na ukweli ndani yake. Mwenye mimba hana mzunguko, yai halitoki, na homoni hazipandi na kuporomoka kila mwezi.

Hata hivyo sikuandika jina la ugonjwa siku hiyo. Kumbukumbu ina tabia ya kuibebesha hedhi kila baya. Mwanamke akigombana tarehe ishirini na damu ikaja ishirini na mbili, hukumbuka, lakini ugomvi wa tarehe nane humtoka akilini. Ndiyo maana mwongozo wa wataalamu wa akili wa Marekani, toleo la tano la 2013, unataka dalili ziandikwe kila siku zinapotokea, kwa angalau mizunguko miwili yenye dalili. Nikampa karatasi zenye miraba: hasira, huzuni, wasiwasi, kubadilikabadilika kwa moyo, kupotewa na hamu, umakini, usingizi, ulaji, uchovu, kuhisi kuzidiwa, na dalili za mwili. Namba 1 maana yake hakuna, 6 maana yake imezidi kabisa. Aandike kila jioni akishafunga kibanda, kabla ya kula. Nikamwomba asiandike kwa kukisia asubuhi ya pili. Kisha tukapima wingi wa damu na tezi ya shingoni, kwa kuwa upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi huweza kumchosha na kumkasirisha mtu vilevile. Vyote vikatoka vizuri.

Miezi miwili ya miraba

Karatasi zilirudi zimekunjwa mara nne, moja ina doa la mafuta ya cherehani. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa siku 29. Kuanzia siku ya tano mpaka ya kumi na tisa, namba 1 na 2 tupu, isipokuwa siku ya tisa ambapo hasira imeandikwa 5. Nikamuuliza. Mwenye kibanda alikuwa amepandisha kodi bila taarifa. Hiyo hata mimi ningeiandika 5. Siku ya kumi amerudi kwenye 1.

Siku ya ishirini zikaanza 3. Kuanzia ya ishirini na tatu ni 5 na 6 karibu kila mraba, mpaka mwisho. Damu ikatoka. Siku ya kwanza 4, ya pili 2, ya tatu 1. Mzunguko wa pili, wa siku 28, ulikuwa pacha wake.

Nimejifunza kuzitazama karatasi hizi kinyume. Watu wote hukimbilia zile 6. Mimi huangalia kwanza ile safu ya 1, kwa sababu ndiyo inayotenganisha maradhi. Mwanamke mwenye sonona ya kawaida naye atazidiwa hedhi ikikaribia. Pumu huzidi, kipandauso huzidi, wasiwasi huzidi. Lakini wiki baada ya damu hatakuwa mzima, atakuwa na afadhali tu. Huyo anatibiwa sonona yake. Fundi alikuwa na wiki mbili safi, za kufagia ua na kupika biriani, na hizo ndizo zilizosema kwamba wiki ile nyingine si tabia yake.

Dada yake mdogo, anayemsaidia kutia vifungo, alizichungulia karatasi akasema, "Mbona hata mimi hivyo hivyo?" Nikampa naye nafasi aeleze. Matiti yanajaa, tumbo linafura, anatamani mabuyu na viazi karai mchana kutwa, na jioni analia akitazama tangazo la sabuni. Siku mbili, tatu. Kazini anafika, kwa marafiki anakwenda, mchumba wake bado anampenda. Hizo ni dalili za kabla ya hedhi, zile zinazofupishwa PMS zikiwa zinajirudia na kukera, na wanawake wengi mno wanazijua kwa namna moja au nyingine. Hazihitaji kuitwa ugonjwa mkubwa, ingawa hazistahili kuchekwa pia. Linalompata dada mtu ni jingine, PMDD, yaani maradhi makali ya hisia yanayokuja kabla ya hedhi, na makadirio mengi huliweka kwenye wanawake 3 hadi 8 kwa kila 100 wanaopata hedhi. Masharti yakikazwa, namba hushuka.

Masharti yenyewe ni haya, kwa ufupi. Dalili tano au zaidi katika wiki ya mwisho kabla ya damu, na angalau moja iwe ya moyo: hasira, huzuni, wasiwasi au kubadilikabadilika. Zianze kupungua siku chache baada ya damu kutoka, na wiki inayofuata ziwe hazipo au karibu hazipo. Na ziwe zinaharibu kazi, masomo au mahusiano. Sharti hili la mwisho ndilo ninaloliona likirukwa sana. Mikono miwili ya kushoto, talaka nne na mteja aliyechaniwa dera lake mbele ya macho yake katika kumi la mwisho la Ramadhani: hapo sharti limetimia.

Kamba wa chungu kimoja

Mume alitaka kujua kwa nini homoni zilipimwa zikaonekana sawa ikiwa tatizo ni la homoni. Swali zuri, na lina historia. Mwaka 1931 daktari mmoja wa New York, Robert Frank, aliandika kuhusu wanawake wanaokakamaa na kukereka kabla ya hedhi, akadhani homoni ya vifuko vya mayai imewazidi mwilini. Dhana hiyo ni kongwe, na bado ipo kwenye vichwa vya wengi wanaoandika karatasi za vipimo.

Nikamwambia afikirie chungu cha kamba wa nazi. Watu sita wamekizunguka, wanachota humo humo. Mmoja midomo inavimba, koo linabana. Mpishi hana kosa, kamba ni wazuri, na wala huyo mtu hakula kuliko wenzake. Mwili wake ndio unaowapokea kamba kwa namna nyingine.

Watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walilionyesha jambo hili mwaka 1998. Waliwapa wanawake wenye dalili kali dawa inayozima kazi ya vifuko vya mayai, na wengi wakapata nafuu. Kisha wakawarudishia homoni za vifuko hivyo, estrojeni au projesteroni, kwa viwango vya kawaida. Dalili zikarudi. Wanawake wasio na historia hiyo walipewa yale yale, hawakuhisi kitu. Baada ya yai kutoka, takriban siku kumi na nne kabla ya hedhi, projesteroni hupanda, na mwili huigeuza sehemu yake kuwa kemikali inayokwenda ubongoni na kwa watu wengi hutuliza. Kwa wenye PMDD ubongo unaonekana kuyumbishwa na kupanda na kushuka kwake. Serotonini, kemikali nyingine ya ubongoni, nayo inahusika, na ndiyo njia ambayo dawa hupitia.

"Kwa hivyo si wazimu," mume akasema. Hakuwa anauliza.

Neno hilo silipendi, lakini nilijua anachotaka kupeleka nyumbani. Nikamwambia kwamba katika uainishaji wa 11 wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika 2022, ugonjwa huu umewekwa kwenye sura ya mfumo wa uzazi na mkojo, halafu ukatajwa tena kwenye upande wa sonona. Una miguu nyumba mbili. Alifurahi mno kwa hiyo sura ya uzazi, na nadhani ndiyo aliyomsimulia mamake kwenye tuktuk.

Alilolisema mlango ukifungwa

Kila mwanamke anayeniletea karatasi zenye 6 za huzuni namwuliza peke yake, na namwuliza waziwazi kama huwa anafikiria kufa. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Fundi alinyamaza, akachukua uzi uliokuwa umenasa kwenye buibui lake, akauzungusha kidoleni mpaka ncha ikawa nyeupe. "Huwa natamani nilale nisiamke. Wanangu wawe kwa mamangu. Siku mbili tatu hivi, kisha linapita." Alikuwa hajamwambia mtu kwa miaka minne. Alidhani akisema atashtakiwa.

Hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai Kenya, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinapingana na Katiba. Watu waliishi na kifungu hicho miaka mingi na hawatakisahau kwa hukumu moja.

Wanawake wenye PMDD wana hatari kubwa kuliko wenzao ya kuwaza kujiua na kujaribu. Kwa hiyo tulipanga mambo kabla ya vidonge. Dawa za nyumbani zote zikahamia kwa dada yake. Mume akaonyeshwa kwenye kalenda siku za hatari, akajaribu kubadilishana zamu asiwe usiku siku hizo. Mara nyingine anafaulu. Fundi akaweka kwenye simu namba 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Na tukakubaliana kwamba wazo likigeuka kuwa mpango, hakungojwi damu: ni hospitali usiku huo huo. Wiki kuwa fupi hakumlindi mtu. Siku moja inatosha.

Vidonge vya nusu mwezi

Kuna dawa kadhaa na sikuwa na haraka. Daktari wa akili tuliyemtuma kwake alianza na maswali ambayo mwenye duka la dawa hakuulizi: je, umewahi kukaa siku nyingi hulali na huchoki, unanunua vitu hovyo, unaongea bila breki? Kama ndiyo, dawa za kuinua serotonini zingeweza kumpandisha mtu kupita kiasi. Hakuwahi. Akauliza kuhusu vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya drospirenoni pamoja na estrojeni, ambavyo Marekani iliviidhinisha kwa PMDD mwaka 2006. Fundi akaeleza kwamba kichwa kikimpasua huanza kwa kuona vimetameta upande mmoja wa jicho. Basi. Mwenye kipandauso cha namna hiyo hapewi vidonge vyenye estrojeni, kwa sababu ya hatari ya kiharusi. Sindano ya miezi mitatu alishaichoma baada ya mtoto wa kwanza, na anadai mwaka ule wote ulikuwa wa kiza. Si kila mwanamke humfanya hivyo, lakini mwaka wake mmoja ulitosha, hatukuirudia.

Akaanzishiwa fluoksetini, moja ya hizo za kuinua serotonini, miligramu 20 kwa siku, na hapa kuna jambo lililomshangaza hata mume. Mwenye sonona huimeza kila siku na hungoja wiki kadhaa kuona faida. Kwa PMDD hufanya kazi ndani ya siku chache, na ndiyo maana yaweza kunywewa nusu ya pili ya mzunguko tu, kuanzia takriban siku kumi na nne kabla ya hedhi mpaka damu inapotoka. Fundi akachagua hivyo. "Sitaki kumeza dawa siku ambazo mimi ni mzima," alisema, na sikuona sababu ya kumpinga. Wiki ya kwanza ilimpa kichefuchefu. Mwezi wa pili aliniambia kwa kunong'ona kwamba hamu ya chumbani imepungua. Tukaongea, akaamua kuvumilia, maana ni nusu mwezi na kabla ya hapo zile siku walikuwa hawalali chumba kimoja.

Jirani alikuwa amemuuzia chupa ya vitamini B6, akamwambia afungue na kumeza mbilimbili asubuhi na jioni. Nikasoma kibandiko, nikapiga hesabu, ikapita miligramu 100 kwa siku. Nikamtolea kwenye mkoba mbele yake. Ushahidi wa B6 kwa dalili hizi si mkubwa, na ikizidi kwa muda mrefu hutia ganzi vidoleni. Fundi wa cherehani asiyehisi sindano! Kalsiamu ni afadhali: mwaka 1998 jaribio la Marekani lilitumia miligramu 1200 kwa siku, na kufikia mzunguko wa tatu dalili zilikuwa zimepungua karibu nusu. Waliopewa kidonge kitupu walipata nafuu ya karibu theluthi. Huyo kidonge kitupu ni ndugu yake kombe letu, na sisemi hivyo kumtukana yeyote. Nafuu ya theluthi ni kitu, hasa ikimkuta mtu siku mbili kabla ya damu.

Kuhusu kusomewa sikumkataza. Nilimwomba bi mkubwa jambo moja: akitaka kumsomea mkwewe, amsomee siku ya kumi ya mzunguko, akiwa mzima, si siku ya ishirini na sita. Akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani alielewa kwamba ninamchokoza kidogo. Siku hizi anamsomea Alhamisi zote, awe mzima au asiwe.

Miezi sita baadaye

Karatasi za mwezi wa tatu wa dawa zina 3 mahali palipokuwa na 6, na 2 nyingi. Hazina 1. Daftari la oda lilipata KOSA moja kwa miezi minne, na hilo, anasisitiza, ni la dada yake. Hajaomba talaka.

Mwezi wa tano alidhani amepona, akaacha vidonge bila kutuambia. Siku ya ishirini na nne mume alinipigia simu akiwa getini bandarini, kelele za malori nyuma yake, akasema neno moja tu: "Biriani." Ndilo neno lao sasa, maana yake mambo yameharibika lakini yatapita. Fundi akaja kesho yake, macho yamevimba, amekasirika na mimi, na mumewe, na fulana ya mtoto iliyokuwa kwenye kamba ya nguo. Wazo la kulala asiamke lilikuwa limerudi, ila safari hii alilitamka mwenyewe mlangoni kabla sijamkaribisha kiti. Tulikaa naye mpaka dada yake akafika.

Lililobaki mezani ni mtoto wa tatu. Wanamtaka. Dawa wakati wa mimba ni mazungumzo ya daktari, na tumempangia. Bahati ni kwamba mimba zenyewe humtuliza, balaa ni miezi ya kuitafuta na ile inayofuata hedhi ikirudi. Na Ramadhani nayo inakuja. Kidonge atakimeza baada ya futari, hilo tumeshakubaliana. Wiki iliyopita nilipita kibandani kwake kuchukua dera langu. Kalenda mpya imeshatundikwa ukutani juu ya cherehani, penseli imening'inia kwa uzi mwekundu, na bi mkubwa alikuwa ameketi kwenye stuli anatoa nyuzi za pindo. Alinisalimia, kisha akamgeukia mkwewe bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Leo siku ya ngapi, mwanangu?"

"Ya kumi na nne, mama."

"Basi kesho unywe."